Kisanduku cha Kumi na Tisa

Kila Jumanne natia sahihi.
Fomu ina visanduku kumi na vinane:
nikeli, chini ya kikomo;
zinki, chini ya kikomo;
uchachu, umetulizwa kwa chokaa
niliyoikoroga mwenyewe alfajiri, kwa glavu zilizochanika.
Naandika: SAFI.
Halafu nageuza vali,
na mgodi unakojoa mtoni kwa adabu.

Maji yenyewe ukiyaona utayatamani.
Kioo. Hayana harufu.
Wageni wa kampuni huyakinga kwa gilasi wakapigwa picha,
ingawa sijamwona hata mmoja akimeza.

Hilja Määttä hakuja na bango.
Alikuja na ndoo isiyo na kitako,
mahali pa kitako amebandika kioo,
na buti ndefu za marehemu mumewe.
Akazitua mlangoni pangu.
"Namba arobaini na nne. Zitakutosha. Twende."

Ilikuwa Agosti, na Mto Kaltio umenywea,
mawe yametoa migongo, misonobari imenyamaza.
Nikainama, nikagusisha ndoo na maji,
nikachungulia.

Kome.
Weusi, wamesimama wima changaraweni
kama vitabu kwenye rafu ya mtu aliyekwisha kufa.
"Huyu," akanionyesha kwa ncha ya fimbo,
"alikuwapo kabla ya reli. Kabla ya mgodi.
Bibi yangu alifulia mazulia juu ya kichwa chake."
Nikahesabu mia na ushei.
"Haya. Sasa nitafutie mtoto."

Nilitafuta mpaka vidole vikafa ganzi.
Kijiji kizima cha vikongwe,
na hakuna nyumba inayolia usiku.

Akanieleza kama asimuliaye habari za jirani:
kichanga cha kome ni kidogo kuliko punje ya chumvi,
hudandia tamvua la trauti, hulelewa humo majira ya barafu,
kisha hudondoka, hujizika mchangani miaka mitano,
akipumua maji yapenyayo kati ya chembe na chembe.
"Huko ndiko maji yako yanakomkuta."

Nikasema, vipimo viko chini ya kikomo.
Akasema, kikomo cha nani?

Wasemao damu ni nzito kuliko maji
hawajayapima maji yangu.
Salfeti haina kisanduku kwenye fomu.
Hupita na maji meupe, ikiyatia uzito,
na yakifika ziwani hayachanganyiki:
huzama, hulala chini kama blanketi,
na ziwa, ambalo kila barafu iyeyukapo hujigeuza
kama mtu usingizini atafutaye pumzi,
tangu mwaka juzi halijageuka.

Mimi si shujaa. Nina mkopo wa nyumba,
binti anayesomea meno huko Oulu,
na msimamizi, Ruokolainen, ambaye si mtu mbaya;
ndoano zake hukwama kwenye mawe yaleyale.

Jumanne iliyofuata nilijaza visanduku vyote.
Chini yake, kwa penseli, nikachora cha kumi na tisa,
kimepinda upande:
Kina cha mto, sentimita thelathini na moja.
Hauwezi kubeba. Nasubiri mvua.
Vali sikuigusa.

Bwawa la akiba lina nafasi ya siku tisa.
Leo ni ya sita.
Mvua imepita mbali, upande wa mpakani,
tukasikia ngurumo tu.
Simu imelia mara mbili asubuhi hii.
Ya pili niliipokea,
nikasikia mtu akivuta pumzi ndefu
kabla ya kulitaja jina langu.

Buti zimekauka mlangoni.
Hilja hajazifuata.